Barua ya mwisho ya Luteni Owen kwa mamake: alimficha au alimpa alichokuwa nacho?

Langoni Kwetu ameandika:

Assalamu alaykum wanajamvi. Leo naleta barua moja ya vita, na naomba tuisome kwa utulivu kabla ya kubishana.

Iliandikwa Alhamisi tarehe 31 Oktoba 1918, saa kumi na mbili na robo jioni. Mwandishi ni kijana wa miaka 25, Wilfred Owen, luteni katika Rejimenti ya Manchester ya jeshi la Uingereza. Alikuwa kaskazini mwa Ufaransa, karibu na kijiji cha Ors, ndani ya chumba cha chini ya nyumba ya mlinzi wa msitu. Anamwandikia mamake, Susan, aliyekuwa nyumbani mjini Shrewsbury. Siku nne baadaye, asubuhi ya tarehe 4 Novemba, kikosi chake kilijaribu kuvuka mfereji wa Sambre–Oise huku bunduki za rashasha za Wajerumani zikiwamiminia risasi kutoka ng'ambo. Aliuawa hapo hapo ukingoni. Wengi wanamjua kwa mashairi yake. Leo mashairi nayaacha, nataka barua.

Ndani ya barua mna nini? Moshi. Anamwambia mamake kwamba mahali alipo atapaita chumba cha moshi cha nyumba ya mlinzi wa msitu, kwa maana moshi umejaa hata haoni vizuri kwa mshumaa ulio karibu naye kabisa. Kuna mpishi anayepasua kuni, na mwingine anayezitia motoni zikiwa na unyevu. Kuna askari mkongwe anayemenya viazi na kuvitupa chunguni mpaka maji yanamrukia Owen mwenyewe mkononi. Wengine wanacheka, mmoja anakoroma. Kuna mmoja mwenye jicho la furaha. Anasema haya ni maisha mazuri. Mizinga iko nje inanguruma, na yeye anasema haisikii kama mamake anavyoisikia kwa mawazo huko aliko. Hapa chini hapana hatari, anasema, na kama ipo basi itakuwa imekwisha zamani kabla mama hajaisoma mistari hii. Mwisho kabisa anasema ana yakini kwamba mama hangeweza kutembelewa na kundi la marafiki walio wema hata nusu ya hawa waliomzunguka.

Basi. Hakuna wasia, hakuna "nikifa fanya hivi".

Nimeisoma barua hii mara nyingi, na kinachonishughulisha ni kwamba kijana huyu hakuwa mtu wa kumficha mamake. Barua zake zilizohifadhiwa ni zaidi ya mia sita, na nyingi mno kati ya hizo ni kwa mama. Januari 1917, alipokuwa mgeni wa vita, alimwandikia waziwazi kwamba haoni sababu ya kumdanganya kuhusu siku zile chache alizopitia. Alimweleza shimo walilokaa yeye na askari 25, mbele kabisa ya mstari wa mbele, karibu na Serre. Maji yalikuwa yakipanda miguuni, wamebanana, na makombora hayakukatika kwa saa zipatazo hamsini. Alimwambia na habari ya mlinzi wake aliyepofuka macho. Yote hayo alimwandikia mama, mama mcha Mungu wa mji mdogo, naye akayasoma mwenyewe nyumbani.

Baada ya hapo aliugua kwa mshtuko wa vita, akalazwa hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, kuanzia Juni 1917. Angeweza kubaki Uingereza. Akarudi Ufaransa 1918. Na mwanzo wa Oktoba, baada ya mapigano ya Joncourt yaliyompa nishani, alimwandikia tena mamake kwamba alikuja ili awasaidie vijana hawa, kwanza kwa kuwaongoza kama ofisa awezavyo, na pili kwa kuyaona mateso yao ili aweze kuyasema mbele za watu kama wakili.

Kwa hiyo mama alikwisha kuambiwa. Mtu aliyekwisha kusema yote, kwa nini jioni ile ya mwisho asema moshi na viazi?

Rai yangu ni kwamba hakumficha. Alimpa alichokuwa nacho mkononi saa ile, na alichokuwa nacho ni watu. Nawasikiliza.

BintiMkomani ameandika:

Waalaykum salaam kaka. Umeandika vizuri lakini mimi sikubaliani nawe hata kidogo.

Mimi namtazama mama. Telegramu ya kifo iliwafikia wazazi wake tarehe 11 Novemba 1918 mchana, siku ambayo vita vilikoma, kengele za makanisa ya Shrewsbury zikilia na watu wako barabarani wanashangilia. Yule mama alikuwa amekwisha kuamini kwamba mwanawe kaokoka. Kwa nini aliamini? Kwa sababu habari ya mwisho aliyokuwa nayo ni moshi, viazi, marafiki, hakuna hatari. Laiti angeandika, "mama, tuna mfereji wa kuvuka wiki hii, niombee," moyo wake ungejiandaa. Mtu aliyejiandaa huumia, lakini haporomoki.

Sisi wanawake tunafichwa sana kwa jina la kuhurumiwa. Mume akiugua tunafichwa, mtoto akifanya ajali baharini tunaambiwa "yuko salama, yuko Mombasa," kumbe maiti iko njiani. Halafu watu wanatushangaa tukianguka. Huruma ya namna hiyo mimi siitaki.

Kijana wa Shela ameandika:

Samahani wakubwa, swali la mwanafunzi. Je, alikuwa na uhuru wa kuandika? Nimesoma shuleni kwamba barua za askari zilifunguliwa. Labda hakuchagua, alizuiwa.

Langoni Kwetu ameandika:

Swali lako ni zuri mdogo wangu, na jibu lake linabadilisha mengi.

Barua za askari wa kawaida zilisomwa na maofisa wao wenyewe. Luteni kijana, baada ya doria na zamu, alikaa na rundo la barua za watu wake akifuta majina ya vijiji, idadi ya askari, chochote ambacho adui angeweza kukitumia. Fikiria kazi hiyo: unasoma jinsi mtu wa miaka arubaini anavyomlilia mkewe, halafu kesho asubuhi unampa amri. Owen aliifanya kazi hiyo kama maofisa wenzake.

Ofisa, kwa upande wake, aliaminiwa kujikagua kwa heshima yake, ingawa barua yake ingeweza kufunguliwa mbele ya safari. Kwa hiyo mahali alipo hakuruhusiwa kupataja. Ndiyo maana ya lile jina la nyumba ya mlinzi wa msitu, lisilomwonyesha mtu lolote kwenye ramani. Lakini kueleza hofu yake, uchungu wake, vifo alivyoviona, hakuzuiwa, na barua ya Januari 1917 ni ushahidi.

Tena yeye na mamake walikuwa na siri yao. Walikubaliana neno fulani, na mama akilikuta katika barua ajue kwamba maneno yanayofuata yamebeba herufi zinazotaja mahali alipo. Kulikuwa pia na kadi ya jeshi iliyochapwa sentensi tayari: mimi mzima, nimelazwa hospitali, napelekwa nyuma kambini, na kadhalika. Askari alikata zisizomhusu, na akiongeza neno lake mwenyewe kadi huharibiwa. Owen alimwambia mama: ukiona ile sentensi ya kupelekwa nyuma nimeikata kwa mistari miwili badala ya mmoja, ujue naenda mbele.

BintiMkomani, hapa ndipo nakujibu na wewe dada yangu. Mama huyu hakuwa mtu wa kufichwa. Alikuwa mshirika wa siri, alijua kusoma mistari miwili ya kalamu. Mama wa namna hiyo akiisoma barua ya moshi anajua fika mizinga iko wapi. Na mwanawe aliitaja, hakuiruka. Alisema inanguruma nje.

BintiMkomani ameandika:

Hilo la mistari miwili sikulijua, na limenigusa. Lakini bado. Kujua kwamba kuna mizinga si sawa na kuambiwa kwamba zamu yako imefika.

Mzee wa Mkunguni ameandika:

Wanangu, nimewasoma nyote tangu jana. Niruhusuni niseme ya hapa kwetu Amu, yaani Lamu.

Mnazungumza habari ya mama aliyefungua bahasha akasoma mwenyewe. Bibi zetu wengi walijua Qurani, na wako waliojua kusoma na kutunga kushinda waume zao. Mwana Kupona alimtungia bintiye wasia kwa utenzi mwaka 1858, na watu wangali wakiusoma mpaka leo. Lakini wako wengi pia ambao khati ikija humwita maalim wa chuo, au kijana wa jirani aliyesoma, aje asome barazani au ndani ukumbini. Mama huketi, mtungi wa maji uko kando, wajukuu wananyamazishwa.

Nami nilikuwa kijana huyo wa kuitwa. Niliwasomea akina mama barua za wana waliokuwa melini, waliokuwa Arabuni, na za wachache waliokuwa jeshini. Nawaambieni, msomaji ana mamlaka makubwa kushinda mwandishi. Salamu zenyewe zilichukua nusu ya karatasi: kwanza mama, kisha baba, kisha shangazi na mjomba, jirani wa kulia na wa kushoto, mpaka paka wa nyumba. Halafu katikati hapo, mistari miwili mitatu ya jambo lenyewe. Maalim wangu alinifundisha kwamba ukifika kwenye uzito, usome kwanza kwa macho. Ukiona mama peke yake nyumbani, ruka, umalize salamu, halafu ukamwite nduguye mkubwa mrudi pamoja.

Kwa hiyo hizi barua za kwetu zilifichwa mara mbili, mara na mwana anayeandika na mara na msomaji. Na akina mama walijua. Niliona jicho la mama likiufuata mdomo wangu ukikawia. Hakuna aliyeniuliza, "mbona umenyamaza?" Walingoja.

Binti wa Mkomani asema kweli kwamba mama anaumia kufichwa. Ila asidhani mama hajui.

Wa Barani, Malindi ameandika:

Mzee, Mwenyezi Mungu akupe umri. Nataka kuongeza upande wa hawa wetu waliovaa sare, maana tunamzungumza ofisa wa Uingereza na watu wetu wanapotea.

Kwanza, tarehe. Kengele za 11 Novemba 1918 hazikusikika huku. Vita vya Afrika Mashariki viliendelea, kwa kuwa habari ya kukoma vita ilichelewa kumfikia Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, na jeshi lake lilisalimu amri rasmi Abercorn, ambayo sasa ni Mbala huko Zambia, tarehe 25 Novemba. Katika vita hivyo wapagazi, hao walioitwa Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu ya askari iliyoko Nairobi ina maandishi yanayowakumbuka kama miguu na mikono ya jeshi. Mama zao hawakupata telegramu. Wengi hawakupata hata jina kwenye orodha.

Pili, vita vya 1939 mpaka 1945. Hapa Malindi vilifika hadi mlangoni, maana ndege za Waitaliano zilidondosha mabomu mjini mwaka 1940. Vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa Uhabeshi, Madagaska, kisha Burma. Na Waafrika wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la huku kwetu, waliishia sajini na sajini meja, uofisa kamili haukuwa wao. Kwa hiyo kijana wetu alipomwandikia mamake kutoka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, barua ilipita kwanza chini ya macho ya ofisa Mzungu, labda rika la huyo Owen. Ikitoka huko iende kwa msomaji wa Mzee. Huyo mama alifikiwa na kilichobaki.

Na wako ambao hawakufika hata kuandika. Februari 1944 meli *Khedive Ismail* iliondoka Kilindini, bandari ya Mombasa, kwenda Colombo. Tarehe 12 nyambizi ya Wajapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, zaidi ya mia sita wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao barua yao ya mwisho ni ile ya Mombasa, kabla ya kupanda meli: nimefika salama, tunasafiri, nisalimie fulani. Hawakuwa na la kuficha, hawakujua kitu. Mama akibaki na karatasi hiyo atafanya nini zaidi ya kuisoma tena?

Sikusudii kuuzima mjadala. Nasema tu kwamba kumficha mama au kumwambia ni chaguo la mtu aliyepewa nafasi ya kuchagua.

Mama wa Hidabu ameandika:

Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika.

Mwanangu wa pili ni ofisa, kijana bado. Amekaa upande wa mpakani kwa muda mrefu. Siku hizi hakuna barua, kuna simu, na simu ikishika mtandao ni dakika chache. Sijawahi kumuuliza yuko wapi, najua haruhusiwi. Sijawahi kumuuliza kama kuna hatari, kwa sababu akisema hapana nitajua anaongopa, na akisema ndiyo sitalala. Namuuliza mambo mawili: umekula nini, na uko na nani.

Akiniambia "tuko na yule kijana wa Kitui niliyekwambia, mama, anatupikia ugali na anatuchekesha," mimi najua kila kitu. Najua yuko hai, ana watu, akianguka kuna wa kumnyanyua. Ikitokea siku amenijibu kwa mkato, "niko na wenzangu tu," siku hiyo naswali mpaka alfajiri.

Mwaka mmoja yule kijana wa Kitui alikufa. Mwanangu hakuniambia. Nilimuuliza nani anapika, akanyamaza, kisha akanitajia jina jingine. Sikumuuliza tena. Nilikwenda nikamsomea yule marehemu dua, mtoto wa dini nyingine na mama nisiyemjua, kwa sababu nilikuwa nimemjua kwa chakula chake.

Huyo mama wa Shrewsbury, mimi nadhani barua ile alielewa.

BintiMkomani ameandika:

Mama yangu, nimesoma nikaweka simu chini. Pole sana, na Mungu amlinde mwanao.

Langoni Kwetu ameandika:

Bi mkubwa, umesema nilichokuwa nakizunguka kwa aya kumi. Uko na nani. Nimeirudia barua nikiwa na swali lako, na kila mstari ni jibu la swali hilo. Mpishi na kuni zake, mwenye viazi, mwenye jicho la furaha. Baadhi yao amewataja kwa majina, kana kwamba mama anawajua, na pengine anawajua kweli kutoka barua za nyuma. Hata ile sentensi ya mwisho inayoonekana ya mapambo, ya marafiki wema, imekaa mahali ambapo wengine wangeandika kwaheri.

Na tena hapa naona kitu ambacho sikukiona mwanzo. Oktoba ile ile alisema amerudi vitani ili awaone vijana hawa na kuwasemea. Jioni ya mwisho aliwasemea kwa mamake, si mateso yao, bali wao wenyewe wakiwa wazima, wakipika.

BintiMkomani ameandika:

Nakubali hilo, kaka, na bado nina dai. Mwenye viazi alikuwa na mama pia. Mwenye jicho la furaha alikuwa na mama. Barua ya Owen ilihifadhiwa, kitabu cha barua zake kilichapishwa 1967, na ile nyumba ya mlinzi wa msitu imekuwa mahali pa kumbukumbu tangu 2011, unaingia mpaka chumba cha chini. Barua ya mmenya viazi iko wapi? Ilipita mikononi mwa Owen huyo huyo na wino wake wa kufutia. Na ya askari wetu wa Kabaw iko wapi? Nataka uzi huu uulize na hilo.

Wa Barani, Malindi ameandika:

Ziko kwenye masanduku, dada, hizo zilizosalia. Nyumba ngapi za Lamu, Siu, Malindi, Takaungu zina sanduku la bibi lenye hati za shamba, vyeti, na karatasi za herufi za Kiarabu ambazo hakuna tena nyumbani anayezisoma? Mchwa na chumvi ya bahari wanazisoma wao.

Mwenye nazo asizigundishe kwa gundi ya plastiki, inaharibu wino na karatasi. Azipige picha mchana karibu na dirisha, jua lisizipige moja kwa moja, kila ukurasa mbele na nyuma hata kama nyuma ni tupu, maana mara nyingi anwani na mihuri ya posta ya jeshi iko huko, na mihuri ndiyo itakayotuambia barua ilitoka wapi hata kama mwandishi alikatazwa kutaja.

BintiMkomani ameandika:

Kwa bibi yangu zipo. Nne au tano, zimefungwa kwa kitambaa. Babu mkubwa alikuwa jeshini, hatujui hata wapi. Mzee wa Mkunguni, herufi hizo ungali unazisoma?

Mzee wa Mkunguni ameandika:

Nazisoma, macho yakipata miwani. Njoo nazo Mkunguni baada ya alasiri siku yoyote isipokuwa Ijumaa, uje na nduguyo mkubwa au mamako kama anaweza kutembea. Uje na daftari uandike nikisoma. Safari hii sitaruka mstari.